Kina Bi Kubíčková Wawili

Muuguzi Zdislava wa kliniki ya figo alimletea Bohdana kikaratasi siku ya Jumatatu, saa nane mchana, akamsubiri mlangoni mwa jiko la shule. Angeweza kupiga simu, lakini alikuwa anapita Přerov kumwona mama yake, na kwa kawaida mambo ya wagonjwa alipenda kuyakabidhi mkono kwa mkono. Bohdana alikuwa bado na aproni. Tangu asubuhi amewapakulia watoto mia tatu na kumi nyama ya mchuzi na mikate ya mvuke, mgongo unamuuma, na vidole vinanuka kitunguu.

"Kausha mikono kwanza, mama," Zdislava akasema. "Karatasi ninayo hii moja tu."

Bohdana akajifuta, akaisogeza karatasi mbali na macho ili aisome vizuri. Milada Kubíčková. Miaka hamsini na miwili. Lipník. Figo ya kulia, uvimbe wa sentimita tisa. Upasuaji tarehe kumi na nne Novemba.

"Naona jina lenu moja," Zdislava akasema. "Mna undugu?"

"Upo, wa aina yake."

"Basi vizuri. Hamtaanza na ugeni."

Bohdana aliikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, akaitia mfukoni mwa aproni.

Miaka minne nyuma, Bohdana mwenyewe aliondolewa figo ya kushoto. Walimpasua kutoka chini ya mbavu hadi karibu na kitovu, kwa sababu uvimbe ulikuwa mkubwa, hautoki kwa matundu madogo. Alipopona, Zdislava alimwomba ajiunge na watu kumi na wawili ambao wamepita njia hiyo na sasa wanawashika mkono wanaoanza kuipita. Walijiita Wasindikizaji. Kila msindikizaji anapewa mtu mmoja. Anampigia simu kabla ya upasuaji, anamtembelea wodini, na anaendelea naye miezi mitatu baada ya kurudi nyumbani. Kazi yao haikuwa kutibu, wala kumwahidi mtu kwamba atapona. Walitakiwa wawepo, na wakiulizwa kitu wanachokijua, wakiseme kama kilivyo.

Bohdana alikuwa amesindikiza watu saba. Watano walikuwa wazima, wanalima bustani zao. Mmoja alikata simu siku ya kwanza na hakuipokea tena. Mmoja alifariki.

Huyu wa nane alimjua. Miaka kumi na saba iliyopita, Milada alikuwa na saluni ndogo nyuma ya stesheni ya Přerov, na Bohdana alikuwa mteja wake wa kila mwezi. Alikuwa akilaza kichwa kwenye beseni, maji ya moto yanamshuka kisogoni, na ulimi wake unalegea. Alimweleza Milada kila kitu: kwamba Leoš, mumewe, amekuwa mkimya, kwamba analala amegeukia ukuta, kwamba labda ni kazi za reli zinamchosha. Milada alisikiliza, akasugua, akasuuza. Halafu Leoš akahama, akaenda Lipník, na mwaka uliofuata Milada akawa Bi Kubíčková. Bohdana hakurudisha jina la kwao. Mwanawe Radim alikuwa na miaka kumi na minne, na hakutaka mtoto awe na jina tofauti na la mama yake.

Jioni ile alimpigia Zdislava kukataa.

"Evžen, msindikizaji mwenzako, amevunjika mguu," Zdislava akasema. "Na Květuše yeye alipasuliwa kwa matundu, hajui kidonda kikubwa kikoje. Anayekijua ni wewe. Lakini kama kuna sababu, niambie, nitamsindikiza mwenyewe nitakavyoweza."

Bohdana alifungua mdomo aitaje sababu. Ilikuwa sababu kamili, ya mtu mzima, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alipojisikia anavyotaka kuisema, akaona haya.

"Basi acha nimwambie mwenyewe," akasema. "Nimpigie, nimweleze kwamba atakuja mwingine."

Akapiga. Simu ilipokelewa mara moja, kama iliyokuwa imeshikwa mkononi.

"Bi Milada? Napiga kwa niaba ya Wasindikizaji. Mimi ni—"

"Nakujua sauti, mama Radim."

Kidole cha Bohdana kikasogea kwenye kitufe cha kukata.

"Usikate," Milada akasema. "Ni mimi niliyekuomba. Picha yako iko ukutani kule kliniki. Nilimwambia muuguzi nataka mtu aliyepasuliwa wazi, anayekaa upande wa Přerov, na asiyejua kubembeleza. Nikajua atakuja kwako."

"Kwa nini mimi? Huna watu?"

"Ninao. Dada yangu analia. Jirani ananiambia nitapona, ananiangalia viatu. Daktari anaongea na kompyuta. Leoš yuko kwenye kibanda chetu cha shamba wiki ya pili hii, anatengeneza paa ambalo halivuji." Akashusha pumzi. "Kila mtu ana sababu ya kunidanganya. Wewe huna. Wewe ukiniambia itauma, nitaamini. Na ukiniambia kwamba kuna siku itaacha kuuma, nitaamini pia."

Yale maneno ya kukataa, ambayo Bohdana alikuwa ameyapanga vizuri kichwani, yalimkaukia mdomoni.

"Alhamisi," akasema mwishowe. "Saa tisa. Kwenye duka la keki pale uwanjani Lipník. Nakuja kwa ajili ya figo, siji kwa ajili yako. Tuelewane hapo."

"Tumeelewana."

Jumapili yake Radim alipiga simu kutoka Brno, kama alivyozoea, na Bohdana akamweleza, maana ni machache aliyomficha mwanawe.

"Mama, umelogwa?" Radim akasema. "Nchi hii ina wagonjwa wa figo kila kona. Umeona umwokote huyo?"

"Sikumwokota. Nilipewa."

"Si ungekataa."

"Nilikataa. Kisha nikaenda."

"Yule ndiye aliyetuvunjia nyumba."

"Nyumba tuliivunja watu watatu, Radim. Mmoja alivunja zaidi, na huyo hayuko Lipník akisubiri kupasuliwa. Yuko juu ya paa."

Radim akacheka kwa shingo upande, na wakazungumza mambo mengine.

Lakini kabla ya Jumapili hiyo ilikuwepo Alhamisi. Milada alifika wa kwanza. Bohdana alimwona kupitia kioo cha duka kabla hajaingia, akasimama. Alikuwa ameweka moyoni picha ya mwanamke wa miaka thelathini na mitano, kiuno chembamba, kucha nyekundu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anagombana na picha hiyo. Pale mezani alikaa mama mmoja mnene kiasi, nywele fupi za mvi, sweta la kujifumia, amezungushia kikombe mikono miwili kana kwamba kitamkimbia.

Hawakupeana mikono. Bohdana akaagiza chai, akatoa daftari.

"Uliza," akasema.

"Chochote?"

"Cha figo."

Milada aliuliza kwa sauti ya chini. Nitaamka vipi? Utaamka umeungwa mipira miwili mitatu, Bohdana akamwambia, mmoja wa mkojo, mmoja wa kutoa majimaji ya kidonda, na usiutazame kama moyo wako ni mdogo. Nitaumwa kiasi gani? Sana siku ya pili na ya tatu. Siku ya kwanza utakuwa bado umelewa dawa na utajiona shujaa. Watakuinua kitandani kesho yake, nawe utawachukia, inuka hivyo hivyo. Utafurahia ushuzi wa kwanza, tumbo likianza tena kazi, kuliko ulivyofurahia harusi. Kukohoa ndiko kubaya zaidi. Chukua mto mdogo kutoka nyumbani, mgumu kiasi, ukitaka kukohoa uukumbatie tumboni kwa nguvu.

"Na kucheka?"

"Ni kama kukohoa, tena huwezi kujizuia."

"Na baadaye? Nikisharudi?"

"Uchovu. Miezi miwili, mitatu. Utafagia chumba kimoja utalala kwa saa mbili nzima. Usibebe kitu. Watu watakuona umesimama, watasema umepona, utatamani kuwatandika. Halafu kila wakikuita kupigwa picha za tumbo na kifua, wiki nzima kabla yake utakuwa huna masikio, mtu anaongea nawe humsikii. Hiyo haijaniisha mpaka leo. Miaka minne."

Milada alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu. Uso wake, ambao Bohdana alitarajia uingiwe na hofu, ulikuwa umetulia kidogo.

"Naomba kitu kimoja," akasema. "Kama hutaki, sema hutaki. Nionyeshe."

Bohdana akasimama, akaelekea msalani, na Milada akamfuata. Kilikuwa chumba kidogo chenye sinki na kioo, wanawake wawili hawapishani bila kugusana. Bohdana akafunga mlango kwa komeo, akapandisha blauzi.

Kovu lilikuwa limeshakuwa jeupe, pana katikati, limeshuka kwa mshazari, na upande mmoja tumbo lilikuwa limevimba kidogo mahali ambapo msuli haukurudi ulivyokuwa. Hapakuwa na mtu aliyeliona isipokuwa madaktari. Hata Radim hajaliona. Taa ya pale ilikuwa kali, haikuficha kitu.

Milada aliinama akaliangalia kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka, kama mtu anayesoma barua.

"Ni refu," akasema.

"Ni refu."

"Na bado unabeba masufuria ya shule?"

"Nusu sufuria. Nyingine anabeba mwenzangu."

Milada akanyoosha kidole, akakizuia hewani, akaangalia kama anaruhusiwa. Bohdana aliendelea kuishika blauzi juu. Kidole kikagusa kovu mahali pamoja tu, chini ya ubavu, kikaondoka.

"Nilidhani litakuwa la kutisha," Milada akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Bohdana alishusha blauzi, akamkatia karatasi ya msalani mita nzima, akampa.

Siku ya kulazwa, Bohdana aliomba ruhusa kazini, akapanda treni hadi mjini kwenye hospitali ya mkoa. Alimkuta Milada wodini, ghorofa ya tatu, ameshavaa nguo za hospitali, amekaa ukingoni mwa kitanda na mto wake wa sofa mapajani. Alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?"

"Amenishusha mlangoni. Amesema anatafuta pa kuegesha." Milada akatazama saa ya ukutani. "Ni muda wa saa moja na nusu sasa anatafuta."

Bohdana akashuka. Gari alilikuta nyuma kabisa ya uwanja wa maegesho, kati ya nafasi kumi tupu, vioo vimejaa ukungu wa pumzi. Akagonga. Kioo kikashuka, na huyo Leoš, amezeeka, masharubu yote meupe, kofia mkononi anaizungusha.

"Mama Radim," akasema.

"Baba Radim. Mkeo yuko ghorofa ya tatu."

"Najua. Naja. Napumzika kidogo."

"Umechoka na nini?"

Leoš akazungusha kofia. "Ile harufu ya mle ndani," akasema. "Nikiisikia tu miguu inaniisha. Unanijua."

"Nakujua. Ilikuisha siku Radim anazaliwa. Niko mle ndani nasukuma, nasikia kishindo koridoni, manesi wote wananiacha wanakimbilia kwako."

Alitegemea acheke, lakini Leoš alikuwa na midomo inayotetemeka.

"Atakufa?"

"Mimi ni mpishi, Leoš."

"Niambie tu. Wewe umepitia. Niambie."

Ungekuwa wakati mzuri wa kumwambia mengi. Kwa miaka kumi na saba Bohdana alikuwa ameyatunza ya kumwambia, mengine ameyanoa yakawa mazuri kabisa, na mtu mwenyewe ndiye huyu, amebanwa ndani ya gari, hana pa kwenda. Lakini alichokiona ni mzee mwenye hofu. Na ghorofa ya tatu kuna mtu anatazama saa.

"Sijui," akamwambia. "Na wewe hujui, na daktari hajui mpaka afungue. Yeye amekaa kule juu anajiuliza peke yake, na wewe umekaa huku unajiuliza peke yako. Panda mkajiulize pamoja."

"Nikizimia?"

"Utazimia hospitalini. Wapi pazuri zaidi ya hapo? Beba hilo begi lake la pili."

Leoš alivaa kofia, akaivua, akashuka garini. Walipanda ngazi pole pole, maana lifti ilikuwa na harufu zaidi. Kwenye ghorofa ya pili alikaa chini akaweka kichwa kati ya magoti, na Bohdana akasimama pembeni kama anasubiri basi. Kisha wakaendelea. Alipomfikisha mlangoni mwa chumba, hakuingia naye. Aliwaona tu, kwa upenyo wa mlango, Leoš akiweka begi chini na Milada akimsogezea nafasi kitandani. Kuna kitu kilimchoma kifuani, kidogo, mahali pa zamani. Akakiacha kichome, akaenda kituo cha treni.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Figo ilitoka nzima pamoja na uvimbe wake.

Siku ya tatu Bohdana alimkuta Milada amegeukia ukuta. Hataki kula, hataki kuinuka, muuguzi amebembeleza mpaka amechoka. Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa vijijini, Bibi Apolena, miaka themanini na mitatu, ameondolewa mawe ya figo, anakula biskuti na kufuatilia kila kitu.

"Ulisema siku ya tatu," Milada akasema bila kugeuka. "Hukusema hivi."

"Nilisema sana."

"Sana yako ni ndogo."

"Sana yangu ilikuwa hivyo hivyo, ila ukitoka huko unasahau. Mungu angetuacha tukumbuke, hakuna mtu angezaa mtoto wa pili. Haya, miguu kwanza. Tunakwenda mpaka dirishani."

"Siwezi."

"Najua. Twende."

Akamgeuza ubavu kama alivyofundishwa mwenyewe, akamshusha miguu, akamwambia asukume kwa mikono, asivute kwa tumbo. Milada akasimama, amekunjamana, jasho linamtoka, mto ameukumbatia, Bohdana akikokota nguzo ya dripu. Dirisha lilikuwa hatua kumi na moja. Walikwenda kama wanaopita kwenye barafu.

Muuguzi wa zamu akachungulia mlangoni. "Bi Kubíčková, umeshameza dawa?"

"Nimeshameza," Milada akasema.

"Mimi sijapewa," Bohdana akasema wakati huo huo, kisha akajishika mdomo.

Bibi Apolena akaacha kutafuna. "Kumbe ninyi ni ndugu," akasema. "Nilikuwa najiuliza. Hamfanani."

"Si ndugu, bibi," Milada akasema, ameegemea dirisha. "Tumeolewa na mwanamume mmoja."

Bibi Apolena akalifikiria jambo hilo kwa makini.

"Kwa zamu au pamoja?"

Milada akatoa sauti ya ajabu puani. Akaukamata mto kwa mikono yote miwili, akajipinda. "Jamani, usinichekeshe," akasema, machozi yanamtoka, "bibi, tafadhali, nitapasuka," na kadiri alivyojizuia ndivyo kicheko kilivyozidi kumtikisa. Bohdana alimshika mgongoni ili asianguke, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka, kimya kimya, mabega yanaruka. Bibi Apolena aliwaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Nauliza tu," akasema, akachukua biskuti nyingine.

Kuanzia hapo Milada alitembea mara nne kwa siku.

Majibu ya maabara yalikuja Desemba. Uvimbe wote umetoka, kingo zake safi, lakini ulikuwa wa aina inayotaka kuangaliwa kwa karibu, hivyo atapigwa picha kila baada ya miezi mitatu. Bohdana aliendelea kwenda Lipník kila Alhamisi. Mara ya kwanza walitembea mpaka geti. Wiki iliyofuata mpaka kanisani, Milada amemshika mkono kwa sababu ya theluji. Leoš, akiwaona wanarudi, alikuwa ameshachemsha supu ya kitunguu saumu, anawawekea bakuli mbili, halafu anakumbuka kazi fulani stoo.

Alhamisi moja Bohdana alikuwa anamenya viazi, maana Milada alikuwa bado hawezi kusimama muda mrefu. Milada alikuwa mezani, anaviringisha ganda la kiazi kidoleni.

"Nilikuwa nakuosha nywele," akasema, "na huku nimeshaanza naye."

Kisu hakikusimama. "Najua."

"Miezi mitatu."

"Minne."

"Minne," Milada akakubali. "Nilikuwa nataka uache kuja, na nilikuwa nataka uje. Ukija nilikuosha mara mbili. Sijui nilidhani nini, kwamba nitakulipa kwa sabuni." Akaliacha ganda. "Nisamehe, mama Radim. Sikukuomba uje kwa ajili ya hili. Lakini umekuja, siwezi kukaa nalo tumboni kila Alhamisi. Tumbo lenyewe limeshonwa."

Bohdana akamaliza kiazi, akakidondosha majini, akachukua kingine. Alitafuta ndani mwake ile hasira kubwa aliyoizoea. Ilikuwepo, ila ilikuwa imeketi mbali, kama mgeni asiyejua kama bado amealikwa.

"Sijui kama nimekusamehe," akasema. "Sitaki kukudanganya, na wewe ndivyo ulivyoomba. Nikijua nitakwambia. Sasa maliza hayo maji, chupa tangu asubuhi iko pale pale. Una figo moja, iheshimu."

Milada akanywa. Hawakulizungumza tena siku hiyo.

Februari miezi mitatu ikatimia. Zdislava akauliza kwa simu kama afunge jina la Milada, ampe Bohdana mtu mwingine. Bohdana alikubali mtu mwingine. Alhamisi akaendelea kwenda Lipník.

Mwezi wa Aprili, picha ilionyesha kidoa kwenye pafu la kushoto. Milimita nne. Daktari alisema kinaweza kuwa chochote, hata kovu la homa ya zamani. Ni kidogo mno kukichoma sindano, watakitazama tena Julai. Milada hakwenda nyumbani. Alipanda treni hadi Přerov, akaenda moja kwa moja shuleni, akasimama uani karibu na mapipa mpaka Bohdana alipotoka. Leoš alikuwa hajajua.

Walikaa juu ya kreti za maziwa. Milada alieleza yote kwa sentensi nne, kisha akasema, "Haya. Sema kweli."

Bohdana alijua maneno yanayofaa. Alikuwa ameyasema kwa wengine: tusubiri, ni kidogo, usijitangulize. Yote ni kweli. Lakini Milada hakumtafuta kwa hayo.

"Nilikuwa na mtu anaitwa Hynek," akaanza. "Fundi saa, wa Kojetín. Alikuwa wa nne kwangu. Kwake pia ilianza na kidoa cha pafu, na hakikuwa kovu. Nilikwenda naye mwaka mmoja na miezi miwili. Nilimlisha supu kwa kijiko. Baada ya mazishi nilimwambia Zdislava nimepata mafua, nikakaa ndani mwezi mzima. Sijamwambia mtu, hata Radim. Nilikuwa nataka kuacha." Akajifuta pua kwa mkono wa aproni. "Na nilikuwa na mama mwingine, wa Hranice. Yeye alikuwa na vidoa viwili. Viko mpaka leo, havijasogea, amepata wajukuu mapacha. Hiyo ndiyo kweli ninayoijua. Ninayo yote mawili. Sijui lako ni lipi."

Milada akayatazama mapipa yaliyonuka kabichi.

"Afadhali," akasema hatimaye.

"Afadhali nini?"

"Afadhali kuogopa na mtu anayeogopa." Akaegemeza kichwa begani kwa Bohdana. Bohdana alibaki ameketi wima, hajui afanye nini na mkono wake, mpaka mkono wenyewe ukapanda, ukaziweka sawa zile nywele fupi za mvi, ukatulia hapo. Walikaa hivyo mpaka mwenzake wa jikoni alipotoka kumwaga maji, akawaona, akarudi ndani na ndoo yake.

Baadaye Bohdana akampeleka stesheni. "Leo leo umwambie Leoš," akamwambia wakati treni inaingia.

"Atapanda paani."

"Mfuate na ngazi."

Leoš hakupanda paani. Alilia jikoni, kama Milada alivyoeleza Alhamisi iliyofuata, kisha akaenda kununua kalenda kubwa, akaitundika karibu na friji na kuizungushia duara tarehe ya kipimo. Ndivyo walivyoipitisha Mei na Juni. Zilikuwepo siku ambazo Milada hakuwa na masikio, mtu anaongea naye hasikii, na Bohdana hakuongea, alitembea naye tu kandokando ya mto Bečva, mwendo wa saa nzima sasa, bila kushikana. Siku moja katikati ya njia Bohdana alisimama.

"Nimejua," akasema.

"Umejua nini?"

"Lile uliloniomba siku ya viazi. Nimejua. Hasira imeshapita, tena sikuiona ikipita."

Milada akamtazama. "Asante, dada," akasema. Wakaendelea kutembea.

Julai waliingia watatu kwa daktari. Leoš aliketi kati yao, mweupe kama chokaa, ameshika mkoba wa Milada kwa mikono miwili. Daktari alizungusha kioo cha kompyuta ili waone. Kidoa kilikuwepo pale pale, milimita nne, hakikuongezeka hata unywele. Inaelekea ni kovu la zamani, akasema, ila tutaendelea kukitazama, njoo Oktoba.

"Oktoba," Milada akarudia, kana kwamba amepewa kitu cha kubeba nyumbani.

Nje kulikuwa na jua kali. Leoš alikwenda kuleta gari, akatembea hatua chache, akasimama akijifanya anafunga kamba ya kiatu, na wote wawili wakamwacha ajifute macho yake kwa amani.

"Miezi mitatu ni yangu," Milada akasema.

"Ni yako. Utaifanyia nini?"

"Nitakula. Njaa inaniuma tangu jana."

Gari likaja. Leoš akashuka, akafungua mlango wa mbele, akasita, akafungua na wa nyuma. "Mama Radim, tukupitishe Přerov," akasema. "Ni njiani."

Haikuwa njiani, na wote walijua. Bohdana akaingia nyuma, akaweka mkoba wake kando. Kabla hawajatoka kwenye maegesho, Milada alikuwa ameshageuka kitini kumwuliza kama supu ya uyoga inatiwa siki mwanzo au mwisho. Bohdana akasema mwisho, Leoš akasema mama yake alikuwa anatia mwanzo, na Bohdana akasema ndiyo maana ilikuwa hailiki, miaka kumi na mitano aliinywa kwa adabu tu. Wakabishana hivyo, watatu, mpaka mlangoni kwa Bohdana.